Mambo Matatu Ambayo Einstein Hakuyaamini

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi na wageni wote mliofika: habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mvutano na mwanzo wa ulimwengu, tena bila kuandika hesabu hata moja ubaoni. Sharti hilo linanibana, kwa sababu shujaa wa hadithi yangu si mtu, ni milinganyo. Albert Einstein aliiwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Prussia, mjini Berlin, tarehe 25 Novemba 1915, na tangu siku hiyo imekuwa ikisema mambo ambayo hata yeye hakuwa tayari kuyasikia. Alikataa kwamba ulimwengu unatanuka. Alikataa kwamba mashimo meusi yanaweza kuwepo. Kuna mwaka alikaribia kuchapisha kwamba mawimbi ya mvutano ni ndoto. Yote matatu yalizaliwa na milinganyo yake mwenyewe, na yote matatu yamethibitika. Nitayapitia, lakini sikuja kumcheka mzee. Nimeyachagua kwa sababu yanatupeleka kwenye jambo la nne, ambalo ndilo linalowakosesha usingizi watu wa fani yangu, fizikia ya nadharia: milinganyo hiyohiyo inakiri kwamba kuna mahali inakoma.

Kwanza tuelewane mvutano ni nini. Isaac Newton, mwaka 1687, alitupa kanuni moja inayotawala jiwe linaloanguka na Mwezi unaotuzunguka. Kanuni hiyo ilidai kwamba Jua likisogea sasa hivi, Dunia italihisi papo hapo, kilomita milioni 150 mbali, bila kitu chochote kubeba habari katikati. Newton mwenyewe hakuipenda hali hiyo. Alimwandikia mwanateolojia Richard Bentley kwamba huo ni upuuzi ambao mtu mwenye uwezo wa kufikiri kifalsafa hawezi kuuangukia. Ila kanuni ilifanya kazi, na kitu kinachofanya kazi hakiulizwi maswali mengi.

Iliendelea kufanya kazi hadi sayari ya Utaridi ilipoleta ukaidi. Urbain Le Verrier, Mfaransa ambaye hesabu zake ndizo zilizowaelekeza wanaastronomia mahali pa kuitafuta Neptuni mwaka 1846, alionyesha mwaka 1859 kwamba mzingo wa Utaridi unageuka kidogo zaidi ya inavyoruhusiwa na Newton. Vipimo vilivyoboreshwa baadaye vikaiweka ziada hiyo kwenye sekunde 43 za tao kwa kila miaka 100. Sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja ya duara, kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo mno. Le Verrier akafanya alichokifanya zamani, akapendekeza kwamba kuna sayari nyingine imejificha karibu na Jua. Ikapewa jina Vulcan kabla haijaonekana, na watu wakaisaka miaka mingi. Haipo.

Einstein alianzia mahali pengine kabisa. Mwaka 1907, akiwa bado mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern, aligundua kwamba mtu anayeanguka hauhisi uzito wake. Wazo hilo linaonekana la kitoto, lakini baadaye aliliita wazo lililomfurahisha kuliko yote maishani mwake. Kama kila kitu kinaanguka kwa namna ileile, kiwe chuma au unyoya, basi kuanguka si sifa ya kitu. Ni sifa ya mahali kilipo. Hapo dhana ya mvutano kama nguvu ikaanza kuporomoka. Mnaponiona nimesimama hapa mnadhani kuna kitu kinanivuta chini. Einstein anasema sakafu ndiyo inayonisukuma juu, inanizuia kufuata njia yangu ya asili. Hilo la kuanguka sawasawa bado tunalipima. Setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE, iliyorushwa mwaka 2016, ililinganisha metali mbili tofauti zikianguka kuizunguka Dunia, na hakuna tofauti iliyoonekana hata kwa kiwango cha sehemu chache katika kila milioni bilioni.

Wengi wenu mmeona mchoro wa shuka la mpira lililobonyea kwa tufe zito katikati. Naomba muusahau. Unatumia mvutano kueleza mvutano, kwani tufe lenyewe linabonyeza shuka kwa sababu linavutwa chini. Baya zaidi, mchoro unaonyesha nafasi peke yake, ilhali hapa karibu na Dunia kinachofanya vitu vianguke ni wakati. Saa iliyo chini huenda polepole kuliko saa iliyo juu. Robert Pound na Glen Rebka walitangaza kipimo cha tofauti hiyo mwaka 1960, ndani ya jengo la Chuo Kikuu cha Harvard, kwa urefu wa mita 22 na nusu tu. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 kutoka ardhini. Kila siku saa zake hutangulia zetu kwa maikrosekunde 45 kwa sababu ya mvutano dhaifu wa kule juu, kisha huchelewa maikrosekunde 7 kwa sababu ya kasi yao, inabaki 38. Nuru husafiri karibu mita 300 kwa kila maikrosekunde moja. Pigeni hesabu wenyewe: bila Einstein, kosa lingelimbikizana kwa zaidi ya kilomita 11 kila siku, na simu iliyo mfukoni mwako isingejua uko mtaa gani.

Basi milinganyo ya 1915 inasema hivi kwa lugha ya kawaida: maada na nishati huamua jinsi nafasi na wakati vinavyopinda, na mpindo huo huamua jinsi vitu vinavyokwenda. Ilipoelekezwa kwa Utaridi, sekunde 43 zilitoka zenyewe, bila kurekebisha namba yoyote. Habari za kupatwa kwa Jua mwaka 1919, nuru ya nyota ilipoonekana ikipindwa na Jua kama Einstein alivyotabiri, zinasimuliwa kila mahali, sitawachosha nazo.

Nianze na mawimbi, maana kisa chake kinafurahisha. Kama nafasi na wakati vinaweza kupinda, vinaweza pia kutikisika, na mtikisiko huo ukasafiri kwa kasi ya nuru. Einstein alilisema mwaka 1916. Miaka 20 baadaye, akiwa Princeton, yeye na Nathan Rosen waliandika makala iliyohitimisha kwamba mawimbi hayo hayapo. Wakaipeleka kwa jarida la Marekani liitwalo Physical Review. Mhariri akampa mtaalamu mwingine aipitie, na yule mpitiaji, ambaye leo tunajua alikuwa Howard Robertson, akaona kasoro. Einstein alighadhibika kwamba kazi yake imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Lakini mpitiaji alikuwa sahihi. Hitilafu iliyoonekana kwenye mawimbi ilitokana na namna waandishi walivyochagua kuhesabia mahali na wakati, haikuwa ndani ya mawimbi yenyewe. Makala ilipochapwa mwaka 1937, katika jarida jingine, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Nawasimulia wanafunzi hasa, wale ambao huona maoni ya mpitiaji kama matusi.

Ushahidi wa kwanza ulikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua nyota mbili nyutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zinazozungukana kwa muda usiofika saa 8, na miaka iliyofuata ikaonyesha kwamba mzingo wao unasinyaa kwa kiwango kilekile ambacho mawimbi yangewanyang'anya nishati. Ushahidi wa moja kwa moja ulisubiri hadi tarehe 14 Septemba 2015, pale vifaa viwili vya LIGO nchini Marekani, kila kimoja kikiwa na mikono miwili ya kilomita 4, viliponasa mtikisiko kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Masi ya takriban Jua 3 iligeuka mawimbi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Na mikono ile ya kilomita 4 ilirefuka na kufupika kwa kipimo kilicho mamia ya mara chini ya upana wa protoni moja.

Watu hulipenda tukio la 2015, lakini sisi wa nadharia lililotutikisa zaidi ni lile la tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili nyutroni ziligongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Mawimbi ya mvutano yakafika, na sekunde 1.7 baadaye ukafika mwale wa gamma, ambao ni aina ya nuru. Fikirieni: safari ya miaka milioni 130, na tofauti ya kufika haizidi sekunde 2. Kwa hiyo mvutano na nuru vina kasi moja, kwa usahihi unaokaribia sehemu moja katika milioni bilioni. Kulikuwa na kundi kubwa la nadharia mbadala, nyingine zimeandikwa kwa ustadi mkubwa ili kueleza kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, ambazo zilihitaji kasi hizo zitofautiane. Zilikufa siku ile. Wenzangu kadhaa walipoteza miaka ya kazi kwa sekunde mbili, na sijamsikia hata mmoja akilalamika kwamba ameonewa.

Nije kwenye ulimwengu wenyewe. Mwaka 1917 Einstein aliielekeza milinganyo yake kwenye ulimwengu mzima, ikamjibu kwamba ulimwengu hauwezi kutulia. Ama utanuke, ama ujikunje. Wakati huo karibu kila mtu aliamini umetulia tangu milele, kwa hiyo akaongeza namba moja ya kusukuma nje ili ipingane na mvutano, na mizani ikakaa sawa. Mwaka 1922 Alexander Friedmann, kule Petrograd, akaonyesha kwamba milinganyo inakubali kabisa ulimwengu unaobadilika ukubwa. Einstein akachapisha kwamba Friedmann amekosea. Mwaka uliofuata akachapisha tena kwamba aliyekosea ni yeye. Lakini bado hakuamini kwamba hesabu ile inahusu ulimwengu huu tunaoishi. Friedmann alifariki mwaka 1925, akiwa na miaka 37, bila kuona lolote likithibitika.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji, alifika palepale bila kumjua Friedmann, akaongeza kitu ambacho Friedmann hakuwa nacho: vipimo vya galaksi. Alichapisha kwa Kifaransa katika jarida ambalo wachache walilisoma. Walipokutana Brussels mwaka huohuo, Einstein alikubali hesabu na kukataa fizikia. Edwin Hubble akaja mwaka 1929 na takwimu zake zinazoonyesha kwamba galaksi kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi, na kufikia 1931 Einstein alisalimu amri, akaitupa ile namba ya ziada. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijaona mahali methali hiyo inakaa vizuri kama hapa. (Namba yenyewe ilirudi mwaka 1998, nyota zinazolipuka zilipoonyesha kwamba utanukaji unaongezeka kasi. Tukijaribu kuikadiria kwa fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno kama atomu na chembe zake, tunapitiliza kwa kiasi cha moja yenye sufuri 120 nyuma yake. Hilo ni somo la jioni nyingine, na ni aibu yetu sote.)

Sasa irudisheni filamu nyuma. Galaksi zinasogeleana, nafasi inabana, joto linapanda. Mwanzo huo wa moto tunauita Mlipuko Mkuu, lakini hauna kitovu, msifikirie bomu lililolipuka mahali fulani kwenye giza. Kila mahali palikuwa pamoto, pamoja na hapa tulipokaa. Mwaka 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walikadiria kwamba mabaki ya joto hilo yanapaswa bado kuujaza ulimwengu, nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili, ile baridi isiyoweza kuzidi. Miaka 16 baadaye Arno Penzias na Robert Wilson, waliokuwa na antena kubwa huko New Jersey, walisumbuliwa na kelele isiyokoma, iwe mchana au usiku, waelekeze antena kokote. Ilikuwa ndiyo hiyo. Leo tunajua halijoto yake ni kelvini 2.725, yaani nyuzi 2.725 juu ya sifuri kamili, na kwamba ni nuru iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na miaka takriban 380,000, elektroni ziliponaswa na viini na nafasi ikawa angavu. Umri wa ulimwengu ni miaka bilioni 13.8, kwa hiyo ile ni picha ya utotoni hasa.

Nyuma ya picha hiyo hatuoni kwa nuru, lakini hatujapofuka. Katika dakika za mwanzo kabisa halijoto ilikuwa karibu nyuzi bilioni 1, na protoni na nyutroni zikaungana kuwa viini vyepesi. Hesabu inasema takriban robo ya masi ya maada ya kawaida inapaswa kuwa heli, iliyobaki karibu yote haidrojeni. Nenda ukapime gesi kongwe ambayo nyota hazijaichafua: robo. Ndiyo maana huwa nasema bila kusita kwamba kuanzia sekunde ya kwanza kuja huku tunajua tunachokisema. Mtu akikwambia Mlipuko Mkuu ni dhana tu, muulize robo ile ya heli imetoka wapi.

Kabla ya sekunde hiyo mambo yanabadilika, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa maana lazima nipite kwenye shimo jeusi kwanza.

Karl Schwarzschild alipata jibu la kwanza kamili la milinganyo ya Einstein akiwa vitani na jeshi la Ujerumani upande wa mashariki. Lilichapwa mwaka 1916, na mwaka huohuo akafariki kwa ugonjwa. Jibu lake lilikuwa na vitu viwili vya ajabu: mpaka ambao nuru haitoki, na katikati, mahali ambapo mpindo unakua bila kikomo. Einstein hakulikubali kama jambo la kweli. Mwaka 1939 alichapisha makala ya kuonyesha kwamba asili haiwezi kuruhusu kitu kama hicho. Mwaka huohuo, Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake Hartland Snyder walichapisha hesabu ya nyota inayojiangukia hadi inajifungia mbali na dunia nzima. Makala mbili, mwaka mmoja, milinganyo ileile, majibu yanayopingana. Einstein alikuwa amechunguza chembe zinazozunguka kwa utulivu. Oppenheimer aliiacha nyota ianguke.

Hata hivyo wakosoaji walikuwa na hoja nzuri. Nyota ya Oppenheimer ilikuwa tufe kamilifu, na kila chembe ndani yake ililenga katikati. Bila shaka zote zitakutana nukta moja! Nyota halisi ina makunyanzi na inazunguka. Chembe zitakosana, zitapishana, zitatoka upande wa pili. Wanafizikia wa Kisovyeti Evgeny Lifshitz na Isaak Khalatnikov waliitetea hoja hiyo kwa hesabu ndefu mwaka 1963, na wengi waliridhika.

Roger Penrose aliivunja mwaka 1965 kwa makala ya kurasa chache. Nasema bila aibu kwamba kwa macho yangu hakuna kazi nzuri kuliko hiyo katika fani hii tangu 1915. Hakujaribu kutatua milinganyo. Aliuliza swali la umbo tu: kama kuna uso uliofungwa ambao nuru inayotoka kwake, ya kwenda nje na ya kwenda ndani, yote inabanana, nini lazima kifuate? Akathibitisha kwamba maadamu nishati haiwi hasi, na nafasi ni kubwa isiyo na ukomo, basi lazima kuwe na miale ambayo njia yake inakatika. Haijalishi nyota ina umbo gani. Makunyanzi hayaokoi. Chombo kimojawapo alichokitegemea, mlinganyo unaoeleza jinsi mafungu ya njia yanavyobanana, kilikuwa kimechapwa mwaka 1955 na Amal Kumar Raychaudhuri wa Calcutta, India, aliyekuwa akifanya kazi hiyo karibu peke yake. Penrose alipata tuzo ya Nobel mwaka 2020, miaka 55 baadaye. Raychaudhuri hakuipata, lakini hakuna mwanafunzi wa fani hii asiyelijua jina lake.

Angalieni teorema hii, yaani tamko lililothibitishwa kwa hesabu, inasema nini na haisemi nini. Haisemi kwamba tumekuta msongamano usio na kikomo. Inasema kuna njia zinazoisha: chembe inasafiri, saa yake inahesabu, kisha milinganyo haina neno la kusema kuhusu sekunde inayofuata. Kitabu kimekatwa ukurasa.

Kule Cambridge, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Stephen Hawking aliona kwamba hoja ya Penrose inaweza kugeuzwa. Nyota inayoanguka, ukiirudisha nyuma kwa wakati, inafanana na ulimwengu unaotanuka. Kwa hiyo njia zetu zote, ukizifuata kuelekea zamani, zinakatika. Mwaka 1970 wawili hao walichapisha teorema ya pamoja, na mwaka huohuo Lifshitz na Khalatnikov, wakiwa na Vladimir Belinski, walikubali kwamba msimamo wao wa zamani haukusimama. Hapo ndipo mwanzo wa ulimwengu ulipoacha kuwa mazungumzo ya kujifurahisha ukawa teorema.

Kila teorema ina masharti, na kazi ya mtu wa nadharia ni kuyachokoa. Hawking alidhani kwamba mvutano wa maada huvuta siku zote. Miaka ya 1980 tukagundua sababu nzuri ya kulitilia shaka sharti hilo. Itazameni tena ile picha ya utotoni: pande mbili za anga zina halijoto sawa kwa kiwango cha sehemu moja katika 100,000. Lakini wakati nuru ile inaachiliwa, maeneo yaliyotengana kwa zaidi ya nyuzi 2 hivi za anga yalikuwa hayajapata muda wa kuwasiliana hata kwa nuru. Yalikubalianaje? Alexei Starobinsky mwaka 1980 na Alan Guth mwaka 1981, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza mfumuko: katika sehemu ndogo isiyoelezeka ya sekunde, ulimwengu ulijiongeza maradufu mara zaidi ya 80 mfululizo, ukisukumwa na nishati ambayo mvutano wake unasukuma nje badala ya kuvuta. Maeneo tunayoyaona mbalimbali leo yalikuwa pamoja kabla ya mfumuko.

Kilichonivuta mimi kwenye mfumuko si tatizo hilo la halijoto. Ni zao ambalo halikutafutwa. Viacheslav Mukhanov na Gennady Chibisov walionyesha mwaka 1981 kwamba mitetemo ya kwanta, ambayo haiepukiki popote, ingevutwa na mfumuko hadi kuwa mikubwa kuliko galaksi, na kuwa mbegu za vitu vyote vilivyopo. Walitabiri pia kwamba nguvu yake inabadilika kidogo sana kulingana na ukubwa. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilikipima kipimo hicho ikapata takriban 0.965, pale ambapo kutobadilika kabisa kungetoa 1. Milima, nyota na sisi tuliokaa humu, asili yetu ni kutotulia kwa kwanta. Nililisoma hilo kwa mara ya kwanza nikadhani nimeelewa vibaya.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani mfumuko umethibitishwa. Tarehe 17 Machi 2014 timu ya darubini ya BICEP2, iliyokuwa Ncha ya Kusini, ilitangaza kuona alama ya mawimbi ya mvutano ya enzi ya mfumuko katika mwelekeo wa mtetemo wa ile nuru ya kale. Video ilisambaa ya mtafiti mmoja akibisha hodi kwa Andrei Linde, mmoja wa waasisi wa nadharia, kumpa habari mlangoni. Magazeti yakaandika kuhusu Nobel. Mwanzoni mwa 2015, data zao zilipounganishwa na za Planck, ikaonekana kwamba vumbi la galaksi yetu linatosha kueleza kilichoonekana. Mpaka sasa kiasi cha mawimbi hayo kinajulikana tu kuwa chini ya 0.036, kwa kipimo tunachokiita r. Na Paul Steinhardt, mmoja wa walioijenga nadharia hii tangu mwanzo, amekuwa mkosoaji wake mkali, akisema ina matoleo mengi mno kiasi kwamba hakuna kipimo kitakachoishinda. Simuungi mkono kikamilifu, lakini hoja yake haijajibiwa ipasavyo.

Je, mfumuko unakwepa ukurasa uliokatwa? Unakwepa teorema ya Hawking, ndiyo. Ila mwaka 2003 Arvind Borde, Guth na Alexander Vilenkin walithibitisha kwamba ulimwengu wowote ambao kwa wastani umekuwa ukitanuka hauwezi kurudi nyuma milele. Njia zake nazo zinakatika. Hawakuhitaji hata milinganyo ya Einstein. Mfumuko unasogeza mpaka, hauuondoi.

Kinachohitajika huko mpakani ni mvutano wa kwanta, yaani nadharia inayounganisha mvutano na fizikia ya kwanta, na huko tumekwama tangu zamani. Ukijaribu kuufanyia mvutano kile kilichofaulu kwa sumakuumeme, unapata majibu yasiyo na kikomo ambayo hayafutiki. Gerard 't Hooft na Martinus Veltman walionyesha dalili mwaka 1974, na Marc Goroff na Augusto Sagnotti wakafunga mjadala katikati ya miaka ya 1980. Kipimo cha nishati ambapo tatizo linakuwa kubwa ni karibu mara milioni bilioni ya migongano ya chembe katika mtambo wa CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya. Wapo wa nadharia ya nyuzi, inayoiona kila chembe kama uzi mdogo mno unaotetema. Wapo wanaofuata njia ya Abhay Ashtekar, ambao katika hesabu zao ulimwengu haukuanza bali ulidunda: ulijikunja, ukafika kikomo, ukatanuka upya. James Hartle na Hawking mwaka 1983 walipendekeza kwamba ukikaribia mwanzo, wakati unapoteza tofauti yake na nafasi, kwa hiyo swali la "kabla" linakosa pa kushika. Mkiniuliza nipi ni kweli, nitasema hakuna hata moja ambayo imetoa utabiri mmoja ambao anga limeukubali na wapinzani wake wakaushindwa. Hizo ni kazi za heshima, nami nafanya kazi katika mojawapo, lakini ziko rafu tofauti na robo ya heli. Mzungumzaji akizichanganya rafu hizo mbele yenu, mkamateni.

Nimalizie na kinachokuja. Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha mwaka 2024 ujenzi wa LISA, setilaiti tatu zitakazoachana kwa kilomita milioni 2.5 na kusikiliza mawimbi ya mvutano kutoka huko huko angani. Urushaji umepangwa katikati ya miaka ya 2030. Kuhusu mfumuko, Japani ina mradi wa setilaiti uitwao LiteBIRD, unaolenga kupima r hadi karibu 0.001. Ile modeli ya Starobinsky ya 1980, mojawapo ya rahisi kuliko zote, inatabiri thamani kati ya 0.003 na 0.004. Yaani kipimo kikifika huko, ama tutayaona mawimbi ya mfumuko, ama modeli hiyo iondoke mezani. Mimi ningeweka dau kwamba tutayaona, lakini si dau kubwa.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na yule dada wa safu ya nyuma.